Mikro haikumuua Papa Wemba: muache kuwaua marafiki wa marehemu kwa mdomo

GOMA – Tarehe 24 Aprili 2016 ilikuwa siku ya Mungu. Alfajiri, mbele jua lipande, Papa Wemba alikuwa jukwaani mjini Abidjan, Cote d'Ivoire, kwenye tamasha ya FEMUA ambayo kundi la Magic System lilianzisha katika mtaa wa Anoumabo. Alikuwa na miaka 66. Aliimba, kisha akaanguka nyuma ya wachezaji wake. Wao waliendelea kucheza kwa muda mfupi, maana uso wao ulikuwa kwa watu na hawakuona kitu. Halafu mmoja akageuka, mwingine akageuka, muziki ukakatika. Papa Wemba hakuamka tena.

Hayo ndiyo yaliyoonekana. Kamera zilikuwa zinapiga picha, na kila mwenye simu Kinshasa, Lubumbashi, Goma na Bukavu aliyaona. Lakini hata mbele mwili urudi nyumbani, habari nyingine ilikuwa imeshazaliwa: eti mikro ilikuwa na sumu. Watu walirudisha video nyuma, wakaisimamisha, wakaonyeshana kwa kidole mtu aliyeleta mikro. Kila mmoja akawa muganga, kila mmoja akawa jaji. Mpaka leo, miaka imepita, ukikaa kwa kinyozi ao kwa kituo cha motari na jina la Papa Wemba litajwe, hakukosekani mtu wa kusema: "Yule walimmaliza kwa mikro."

Habari hiyo ni ya uongo. Na si uongo wa kuchekesha watu tu wakati wa kungoja motari. Ni uongo unaoua, na unaua zaidi hapa mashariki kuliko kule Kinshasa ao Abidjan.

Mikro inabadilishwa kila siku

Waanze wenyewe wasikilizaji na yale wanayoyajua. Kila siku ya Mungu, ndani ya makanisa ya Goma, Bukavu, Uvira na Butembo, mikro moja inapita kwa vinywa vya waimbaji kumi. Batri inaisha, wanaleta nyingine. Sauti inakwaruza, fundi anapanda juu, anatoa ile, anatia ingine. Hakuna tamasha ambamo mikro haibadilishwi. Mtu anayeshangaa kuona fundi analeta mikro ni sawa na mtu anayeshangaa kuona mpishi anashika mwiko.

Kisha waulize swali dogo. Mikro hiyo ililetwa na mtu, aliibeba kwa mkono wake. Ni sumu gani hiyo inayomjua mwenyewe, inamwacha aliyeibeba, inamuua aliyepokea? Wanaosambaza habari hiyo hawajawahi kutoa jibu. Hawana jina la sumu, hawana karatasi ya lopitali, hawana shahidi. Wako na video tu, na video yenyewe haionyeshi kitu kingine ila mzee wa miaka 66 anayeimba alfajiri kisha anaanguka.

Mtu anaweza kuanguka hivyo bila mkono wa mtu mwingine. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanaongoza kwa kuua watu duniani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu karibu vifo milioni 18 mwaka 2019. Shirika hilo hilo linasema kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa wa tansio hawajui kama wako nao. Tansio haipigi hodi. Haitoi vipele, haileti homa. Mtu analala muzima, anaamka muzima, anapanda jukwaani muzima, na siku moja moyo unasimama. Wanamuziki wa Congo wamekwisha kuona hayo mara nyingi. Mwisho wa Novemba 1998 moyo ulimchukua Pepe Kallé mjini Kinshasa. Agosti 2007 Madilu System alianguka wakati alikuwa anatengeneza video za albamu yake mpya, akafia lopitali. Je, kila mara kulikuwa mikro? Kila mara kulikuwa mchawi?

Mwana wa mama aliyelilia wafu

Ubaya wa kwanza wa ile habari ya mikro ni kwamba imekula kumbukumbu ya mtu mwenyewe. Muulize kijana wa miaka 20 Papa Wemba alikuwa nani. Atakuambia juu ya mavazi, atakuambia juu ya mikro. Basi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jules Shungu Wembadio. Alizaliwa mwaka 1949 kule Lubefu, Sankuru. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, mwanamke ambaye watu walimwita kwenye kilio ili alilie marehemu kwa wimbo. Mtoto alikuwa anamfuata, anakaa karibu, anasikiliza. Ile sauti nyembamba ya juu, inayolia hata katika wimbo wa furaha, shule yake ya kwanza ilikuwa ni kwenye kilio, penye watu wameketi chini usiku kucha.

Desemba 1969, pamoja na vijana wenzake wa Kinshasa, alikuwa ndani ya Zaïko Langa Langa tangu mwanzo. Waliondoa firimbi na tarumbeta za wakubwa wao, wakaacha gitaa na ngoma zikimbie. Mwaka 1974 alitoka pamoja na Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana, wakaunda Isifi Lokole. Mwaka uliofuata ikawa Yoka Lokole. Februari 1977 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Viva la Musica, na nyumba yake ya Matonge akaiita Kijiji cha Molokai. Kijana mwenye sauti lakini hana mahali pa kulala alijua wapi pa kwenda. King Kester Emeneya alipita hapo kabla ya kuunda Victoria Eleison. Koffi Olomidé, wakati alikuwa mwanafunzi mwenye daftari la nyimbo, alimtungia Papa Wemba, naye akamfungulia mlango. Baadaye walikosana kama ndugu wanavyokosana, watu wa mitaa wakagawanyika, kisha mwaka 1996 wakatoa pamoja albamu ya Wake Up, na waliokuwa wanagombana juu yao wakabaki na haya.

Alicheza sinema ya La Vie est belle mwaka 1987. Alirekodi Emotion mwaka 1995 katika kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Hakuwa malaika: mwaka 2004 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu juu ya kuingiza watu katika nchi hiyo kwa viza za udanganyifu, na alikuwa amekwisha kulala gerezani. Hayo nayo ni yake, na anayempenda hana sababu ya kuyaficha. Kumkumbuka mtu ni kusema yote aliyoyafanya. Lakini ile habari ya mikro imefuta yote: imechukua miaka 47 ya kazi, imeiweka chini ya dakika moja ya video.

Anayelipa ni rafiki

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Uvumi wa sumu hauelekei kwa adui aliye mbali. Unaelekea kwa rafiki. Nani alikuwa karibu ya marehemu? Nani alikula naye? Nani alimpa maji? Nani anapiga gitaa katika kundi lake, na sasa atakuwa mkubwa wa kundi? Rafiki ndiye anajibu "mimi" kwa maswali hayo yote, kwa sababu kazi ya rafiki ni kuwa karibu. Basi urafiki wenyewe unakuwa ushahidi wa kumhukumu.

Angalia namna mambo yanavyokwenda hapa, katika mitaa na katika maeneo ambamo familia zilizokimbia vita kutoka Rutshuru, Masisi, Nyiragongo na Kalehe zimejibanza. Vijana watano wako na gitaa moja ya bidoni ya mafuta, ngoma mbili na kopo yenye mawe. Jioni wanaimba, wazee wanasogea, watoto wanacheza, na kwa saa moja watu wanasahau mambo ya posho. Siku moja muimbaji anaamka na maumivu ya tumbo, anaharisha, anatapika, na kabla ya usiku amekufa. Kipindupindu kinaweza kufanya hivyo: mtu mzima asiyepata dawa anaweza kukauka na kufa ndani ya masaa machache tu. Malaria ya kichwa nayo haingoji. Lakini neno la kwanza linalotoka si kipindupindu wala malaria. Neno la kwanza ni karuho. "Wamempa karuho." Na swali la pili ni: jana alikula kwa nani?

Alikula kwa mwenzake wa gitaa. Wanakula pamoja kila siku, maana sahani ni moja.

Kuanzia hapo huyo mwenzake hana tena haki ya kulia. Akilia sana, watu wanasema anajifanya. Asipolia, wanasema moyo wake ni mgumu. Akija kwenye kilio, wanamnyoshea kidole. Akibaki nyumbani, ndiyo, ni yeye. Anapoteza rafiki na siku hiyo hiyo anapoteza jina. Kama iko na bahati, anahama usiku, anakimbia mara ya pili, na safari hii hakimbii risasi, anakimbia majirani. Kama hana bahati, vijana wanakuja na mawe na petroli. Wamama wazee wa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini wanaijua hadithi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, maana mara nyingi ni wao wanaochomwa. Watoto pia wanatajwa, hata kama sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inatia azabu kwa yeyote anayemsingizia mtoto uchawi.

Na kundi la muziki linakufa. Wale wanne waliobaki hawapigi tena. Gitaa ya bidoni inalala chini ya kitanda. Uvumi umeua mara mbili.

Maneno yamekwisha kuua hapa

Wengine watasema hayo ni kukuza mambo, kwamba maneno ni maneno tu na ulimi hauna mfupa. Waulizwe watu wa Beni, Butembo na Mambasa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola. Mpaka mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 walikufa. Tangu wiki za kwanza kulikuwa na watu waliosema: hakuna Ebola, ni karuho, ni biashara, wanaowazika ndio wanaowaua. Wagonjwa walifichwa ndani ya nyumba, wakaambukiza waliowauguza. Wafu walioshwa kwa siri. Vituo vya matibabu vilichomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kusaidia, aliuawa Butembo ndani ya lopitali. Novemba ya mwaka huo mwandishi wa habari wa redio ya jamii, Papy Mumbere Mahamba, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, yeye aliyekuwa anaeleza watu namna ya kujikinga.

Hayo yote yalianza na sentensi moja fupi, sawa na ile ya mikro. "Huyo hakufa hivi hivi." Sikio halilali na njaa: likikosa habari ya kweli, linakula uvumi.

"Lakini sumu iko"

Wanaotetea uvumi wako na jibu moja la nguvu, na linapashwa kujibiwa vizuri. Wanasema: sumu iko kweli, watu wenye wivu wako kweli, na wanamuziki wana wivu kupita wote. Wanasema pia: lopitali hazina vifaa, polisi haifanyi uchunguzi, sasa raia afanye nini kama si kujitafutia ukweli mwenyewe?

Ni kweli, sumu iko. Wivu pia uko, na vita vya maneno kati ya vikundi vya Kinshasa vinajulikana. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtu anayeshuku sumu anapashwa kuwa wa kwanza kumpeleka mgonjwa lopitali, kwa sababu sumu ya kweli inatibiwa na waganga, na ikiwa mgonjwa amekufa, ni daktari anayeweza kupima mwili na kuandika alichokiona. Anayeshuku sumu kisha anaenda kwa mpiga ramli, ao anaenda kuwasha moto kwa nyumba ya jirani, hatafuti ukweli. Anatafuta mtu wa kupiga. Na mara nyingi anatafuta hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa: aliona mgonjwa anatapika tangu asubuhi, akangoja mpaka jioni. Ni vyepesi kusema "wamemuua" kuliko kusema "alikawia kufikishwa lopitali".

Juu ya polisi na korti, malalamiko ni ya haki. Raia wa mashariki wamekwisha kuzika watu wengi bila kuona jaji. Lakini korti isiyofanya kazi haifanyi umati kuwa korti. Umati hausikilizi shahidi, hauna mwanasheria, na haujawahi kurudi siku ya pili kuomba radhi kwa mama aliyechomwa bure.

Wako pia wanaofaidika. Mpiga ramli anapokea pesa kwa kutaja jina. Mchungaji wa uongo anajaza kanisa kwa kuahidi kumfichua mchawi. Mwenye ukurasa wa video anahesabu watu waliotazama. Mwenye kudaiwa na marehemu ao na rafiki ya marehemu anapata njia ya kufuta deni. Hakuna hata mmoja kati yao anayefaidika na ukweli kwamba mtu alikuwa na tansio na hakupimwa.

Mambo yanayofaa kuulizwa

Kama hasira ni lazima, na kwa kifo cha mwanamuziki mpendwa hasira ni ya haki, basi ielekezwe mahali pake. Kuna maswali ambayo wapenda muziki hawayaulizi.

Kwa nini mzee mwenye miaka 60 na zaidi anapandishwa jukwaani alfajiri, kisha usiku wote wa kungoja? Hilo si jambo la Abidjan peke yake. Hapa pia matangazo yanaandika saa mbili ya usiku, na mwanamuziki anaanza saa saba. Watu wanaona ni heshima: mkubwa anakuja wa mwisho. Ni heshima inayochosha moyo.

Kwa nini kwa tamasha kuna watu wa kulinda mlango, watu wa kukata tiketi, watu wa kuuza bia, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kumsaidia mtu aliyeanguka? Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Kumrekodi kwa simu hakumsaidii, kumpepea hakumsaidii. Kinachoweza kusaidia ni kumlaza mgongo chini, kuweka mikono miwili katikati ya kifua na kusukuma chini kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta gari ya kumpeleka lopitali. Mpiga ngoma yeyote anaweza kushika mwendo huo. Watu wa Msalaba Mwekundu wanafundisha jambo hilo. Kila kundi la muziki, kila kwaya, kila redio ya jamii inaweza kuwaomba.

Kwa nini mwanamuziki hapimwi tansio? Kipimo kinafungwa kwa mkono, ni kazi ya dakika mbili, na vituo vingi vya afya viko nacho. Kundi linalopata pesa ya kununua viatu vya kung'aa kwa ajili ya video linaweza pia kupanga siku moja kila miezi mitatu ya kwenda kupimwa wote pamoja.

Na kwa nini marehemu anapewa heshima ambayo muzima hakupewa? Mwili wa Papa Wemba uliporudi Kinshasa tarehe 28 Aprili 2016, umati ulijaa barabarani. Uliwekwa kwenye Palais du Peuple, serikali ikamvika medali, na tarehe 4 Mei akazikwa. Ilistahili. Lakini sheria ya haki za watunzi katika nchi hii ni ya tangu mwaka 1986, na mpaka leo mtunzi anayesikika kila siku ndani ya redio, ndani ya baa na ndani ya taksi hawezi kuishi kwa haki hizo. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, watu wakacheza barabarani. Mpiga gitaa wa rumba akiugua siku ya pili yake, familia inapitisha kofia kwa majirani. Mwenye kutafuta kinachowaua wanamuziki aanzie hapo, aache mikro.

Namna ya kulia

Mama yake Papa Wemba alikuwa anaitwa kwenye matanga kufanya kazi moja: kuimba juu ya marehemu ili waliobaki wapate nguvu ya kuamka kesho. Hiyo ndiyo desturi ya wazee. Wale wanaosema kwamba kutafuta mchawi kwenye kilio ni mila wasisahau kwamba na hiyo pia ni mila, na ni mila iliyolea sauti kubwa ya nchi hii.

Kwa hiyo ndugu wasikilizaji, na zaidi ninyi ambao vita imewaondoa kwenu na mnazika watu wenu katika udongo wa ugeni: siku mwanamuziki wa kwenu atakapokufa kwa gafula, mwacheni rafiki yake akae mbele. Mpeni kiti. Mumuache aeleze namna walivyokutana, wimbo gani walianza nao, siku gani waligombana na nani aliomba radhi kwanza. Mumpe gitaa ya marehemu mkononi kama anaweza kuipiga, na kama hawezi, mungoje. Yeye ndiye anayejua zaidi ni nani aliyekufa. Mkimfukuza, marehemu atazikwa na hadithi yake yote.

Na usiku huo mtu akisimama kusema "huyu hakufa hivi hivi", mumwulize karatasi ya muganga. Kama hana, mumwombe aketi chini, kilio kiendelee.